"Historic" na "Historical"

Leo tutazame maneno mawili ya sifa ya Kiingereza ambayo wanafunzi wengi huyachanganya: "historic" na "historical". Yote mawili asili yake ni neno moja la Kiyunani, na zamani Waingereza wenyewe hawakuyatenga sana. Siku hizi kila moja lina kazi yake.

"Historical" maana yake ni -a historia tu, yaani chochote kinachohusu mambo ya zamani, kiwe kikubwa au kidogo. Stakabadhi ya kodi ya mwaka 1930 ni kitu "historical". "Historic" ni -a kukumbukwa, yaani jambo lililogeuza mwendo wa mambo. Tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, ni siku "historic".

Sasa tuchukue mfano wa huku kwetu Tunduma. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, lilivuka mpaka kuingia Northern Rhodesia, ambayo leo ni Zambia, likashambulia boma la Fife, karibu na Nakonde. Vita vya Ulaya vilikoma tarehe 11, lakini habari ilimfikia siku mbili baadaye. Tarehe 25 jeshi lake liliweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala. Siku hiyo twaweza kuiita "historic".

Je, wapagazi? Pande zote mbili zilichukua watu kubeba mizigo, wengi kwa nguvu, na makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Majina ya makamanda yamo vitabuni. Wapagazi wengi wametajwa kwa hesabu tu.

Hapo ndipo tofauti ya maneno haya inapotufunza jambo. "Historical" halingoji ruhusa ya mtu, kwani lililotokea limetokea. Lakini "historic" ni hukumu, na kila hukumu ina mwamuzi wake. Basi mkilikuta neno hilo kitabuni, ulizeni: ni nani aliyeamua, na amemsahau nani?

Zoezi la juma hili: mwulizeni mzee mmoja wa kwenu habari ya zamani, mwiandike kwa sentensi tano za Kiingereza. Kisha chagueni neno moja kati ya haya mawili, na mseme kwa nini.