Induksheni: Umeme Unaochochewa

Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania husoma fizikia kwa Kiingereza, lakini mara nyingi huielewa kwa Kiswahili. Akifika kwenye induksheni ya sumakuumeme, atasikia umeme "unaingizwa", "unazalishwa" au "unachochewa". Maneno haya hayafanani, na atakaloanza nalo litampeleka mbali au litamkwamisha.

Tarehe 29 Agosti 1831, jijini London, Michael Faraday alizungushia pete ya chuma koili mbili za waya zisizogusana. Moja aliiunga na betri. Waya wa nyingine aliupitisha karibu na sindano ya sumaku. Alipounga betri, sindano ilishtuka, kisha ikarudi mahali pake. Mkondo uliendelea kupita katika koili ya kwanza, sindano imetulia tuli. Alipoiondoa betri, ikashtuka tena, safari hii kwa upande wa pili.

Kwa hiyo "kuingizwa" kunapotosha, maana hakuna umeme uliovuka kutoka koili moja kwenda nyingine. "Kuzalishwa" si kosa, ila ni pana mno. Hata paneli ya jua huzalisha umeme. Mimi nachagua "kuchochewa". Mchochea moto husukuma kuni, na akiacha, moto hufifia. Sumaku iliyolala tuli ndani ya koili haitoi kitu, hata iwe na nguvu kiasi gani. Kinachochochea ni badiliko la uga wa sumaku, na likiwa la haraka zaidi, volteji nayo huwa kubwa zaidi.

Tazama koili ya plagi katika gari la petroli. Inapokea volti 12 tu za betri. Ndani mna kiini cha chuma chenye koili mbili: ya kwanza ya mizunguko michache ya waya mnene, ya pili ya maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba. Mkondo ukipita kwa utulivu, hakuna cheche. Cheche huruka pale mkondo unapokatwa ghafla: uga huporomoka, na koili ya pili huchochewa hadi zaidi ya volti 10,000.

Transfoma ya nguzoni haihitaji kukatiwa umeme, kwa sababu mkondo geu wa hezi 50 hugeuza upande mara 100 kila sekunde. Mngurumo unaosikika chini ya nguzo unatokana na hilo. Chuma cha ndani hutanuka na kunywea kwa mwendo huohuo. Hesabu yake ni nyepesi: koili ya kwanza ikiwa na mizunguko 1,000 kwa volti 240, na ya pili mizunguko 50, utapata volti 12. Jina transfoma limeshazoeleka hadi vijijini, na libaki hivyo.

Indakta ni koili inayojichochea yenyewe. Rizista hupinga mkondo. Indakta hupinga badiliko la mkondo, kwa kanuni aliyoibainisha Heinrich Lenz mwaka 1834. Kipimo chake, henri, kimetokana na jina la Joseph Henry wa Marekani.

Walimu wa fizikia, andikeni ubaoni istilahi ya mtihani, lakini mkieleza semeni "mchocheo". Na kabla ya fomula, wapeni wanafunzi koili, sumaku na galvanometa, waisogeze sumaku wenyewe, kisha waishike bila kuitikisa.