Nyumba ya Mfumaji wa Dunfermline

Mwenye kufuatilia nyumba ya fundi wa Uskoti ya karne ya 19 huanza na sensa ya tarehe 6 Juni 1841. Humo aliandikwa kila mtu kwa jina, umri na kazi. Lakini umri wa waliozidi miaka 15 ulishushwa kwa kawaida hadi tano iliyo chini yake. Aliyekuwa na miaka 38 akasomeka 35.

Katika zama hizo William Carnegie alifuma vitambaa vya kitani kwa mkono mjini Dunfermline. Mwanawe, Andrew, alikuwa na miaka 5. Sensa ya 30 Machi 1851 iliongeza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba, na mahali alipozaliwa. Nyumba ya William haikuwapo tena.

Sensa haisemi kwa nini. Mitambo ya mvuke ilikuwa imewapokonya wafumaji riziki yao. Mkewe, Margaret, alishona viatu usiku. Mwaka 1848 waliuza vyombo vya kufumia, wakakopa pauni 20 kutimiza nauli, wakahamia Allegheny, Pennsylvania. William alifariki mwaka 1855. Andrew akatajirika kwa chuma, na mwaka 1883 maktaba yake ya kwanza ikafunguliwa Dunfermline.

Huko Marekani, sensa ya 1850 iliandika jina la kila mtu huru, hata mgeni fukara. Watumwa waliandikwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la bwana wao. Wajukuu wa mfumaji wana pa kuanzia. Wajukuu wa watumwa hao waliachiwa tarakimu.