Udi na Msondo: Muziki Tuliorudi Nao Maskati na Ule Uliotutangulia



Katika sanduku aliloliacha marehemu bibi yetu zilikutwa kaseti kumi na moja. Moja imeandikwa kwa mkono wake: «Harusi, Matrah». Haina mwaka wala jina la mpigaji. Upande wa kwanza ni taarabu: udi, fidla, na vigelegele vya kina mama wakimtunza mwimbaji. Upande wa pili ni ngoma na zumari, na wanaume wakiitikia kwa Kiswahili cha kale. Nyumbani kwetu upande wa kwanza ulisikilizwa hadi utepe ukachakaa. Wa pili haukupigwa. Tukiuliza, tuliambiwa, «Hiyo ni lewa, si yetu.»

Makala haya ni ya kuupima ukweli wa jibu hilo.

Taarabu tunaijua asili yake, au tunadhani tunaijua. Husimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alileta wanamuziki kutoka Misri, na akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza kupiga kanuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, chama cha watu waliopiga muziki kwa mapenzi yao. Hata hivyo, nyimbo za awali zilikuwa za Kiarabu. Aliyeipa taarabu ya Kiswahili sauti iliyovuka bahari ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeingia mjini akiuza vyungu, na ambaye mwaka 1928 alirekodi santuri Bombay. Hakuzaliwa katika jumba la mtu. Wazee wake walitoka katika tabaka la watumwa. Hivyo, hata muziki tunaouita wa heshima ulikuzwa na watu ambao koo zetu zisingewaandika katika nasaba zao.

Yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na jamaa zetu wakatawanyika. Sultani Qaboos aliposhika utawala tarehe 23 Julai 1970, aliwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Wengi walirudi wakiwa na elimu, na Kiarabu chao kilikuwa kizito. Wenyeji wakawaita Wazinjibari. Walipata kazi maofisini, shuleni na jeshini. Mchana walijitahidi kuwa Waarabu kamili, na usiku wa harusi walirudi kuwa Waswahili. Wazee wetu husimulia kwamba waliopiga udi katika harusi hizo walikuwa makarani na walimu. Malipo yao yalikuwa sahani ya biriani na fedha za kutunzwa.

Lakini Kiswahili hakikuingia Oman pamoja nasi. Kilikwisha kuwapo. Katika miji ya pwani, tangu Matrah hadi Sur, lewa ilikuwa ikipigwa muda mrefu kabla ya 1970: zumari linaongoza, msondo unajibu, na wachezaji wanazunguka duara. Neno lenyewe msondo ni la kwetu. Ngoma hiyo ililetwa na mabaharia na watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki, na imeenea hadi Bahrain na Kuwait. Waimbaji wake wengine hutamka maneno ya Kiswahili ambayo maana yake imekwisha kuwapotea. Sisi tuliokuwa na maana hizo hatukwenda kuwasikiliza. Tuliona haya, kwa sababu kuisikiliza lewa ni kukumbuka nani alimvusha nani bahari, na kwa nguvu gani.

Bahari hiyohiyo ilimlea Salim Rashid Suri, baharia wa Sur aliyeimba kwa udi. Alirekodi santuri Bombay, akahamia Bahrain na kuanzisha huko kampuni yake mwenyewe ya santuri, Salimphone, kisha akarudi Oman katika miaka ya mwanzo ya 1970. Hakusubiri jumba wala ofisi imtambue.

Dola nayo imefanya kazi kubwa. Mwaka 1983 kiliundwa kituo cha muziki wa jadi wa Oman, mwaka 1985 ikaundwa okestra ya kifalme, na mwaka 2011 Jumba la Opera likafunguliwa Maskati. Haya ni ya kushukuriwa. Lakini hakuna taasisi itakayoingia sandukuni mwa bibi zetu. Kaseti ya harusi haina nakala nyingine. Utepe ukiisha, na aliyekuwapo akiisha, hakuna wa kumwuliza.

Mwezi uliopita niliupiga upande wa pili mbele ya mjomba wangu, ambaye umri wake umepita miaka themanini. Alinyamaza kitambo, kisha akaanza kuitikia. Aliyajua maneno yote. Nilipomwuliza alijifunzia wapi, alisema, «Kwa yaya aliyenilea,» akanitajia jina lake. Jina hilo halimo katika shajara ya ukoo wetu. Nimeliandika, kwa wino.

Nawasihi nanyi: fungueni masanduku, sikilizeni pande zote mbili, na waulizeni wazee majina ya wapigaji wangali hai.