Usanisikemia: nguvu inatoka wapi?

Aliyesoma sayansi kwa Kiswahili, hata kwa madarasa machache, analijua neno usanisinuru. Jani hupokea mwanga wa jua, huchukua maji na hewa ukaa, hutengeneza sukari, na oksijeni hutoka nje. Neno limekaa sawasawa kwa sababu kila kipande chake kina kazi. Usanisi ni kule kuunganisha vitu vidogo hadi kipatikane kitu kipya. Nuru ni jibu la swali ambalo mwanafunzi makini lazima ataliuliza: nguvu ya kufanya kazi hiyo imetoka wapi?

Wapo viumbe wanaofanya usanisi huohuo wa kugeuza hewa ukaa kuwa chakula, ila swali la nguvu wanalijibu kwa namna nyingine. Nguvu yao hutoka kwenye mmenyuko wa kemikali. Mwanabotania wa Kijerumani, Wilhelm Pfeffer, aliupa mchakato huo jina mwaka 1897. Kwa Kiswahili jina hilo unaweza kulitohoa ukapata kemosinthesisi, au ukalijenga kwa kufuata mfano wa usanisinuru ukapata usanisikemia. Mimi nalitetea hili la pili, kwa sharti kwamba lielezwe vizuri, maana lina mtego.

Mtego uko kwenye kipande “kemia”. Usanisinuru nao ni kemia tangu mwanzo hadi mwisho, na mwanafunzi ana haki ya kuuliza kama jani halifanyi kemia. Kwa hiyo “kemia” katika usanisikemia isomwe kama tunavyoisoma “nuru” katika usanisinuru, yaani kama chanzo cha nguvu. Tafsiri ya kamusi ingekuwa hivi: usanisikemia ni kitendo cha kiumbe kujitengenezea chakula kutokana na hewa ukaa kwa kutumia nguvu inayotolewa na mmenyuko wa kemikali. Kemosinthesisi si kosa, lakini linamnyima msomaji ule undugu na usanisinuru, na undugu huo ndio nusu ya maana.

Jambo lenyewe lilionekana kabla ya kupewa jina. Katika miaka ya 1880, Mrusi Sergei Winogradsky alikuwa Strasbourg akichunguza kwa hadubini bakteria aina ya Beggiatoa, nyuzinyuzi nyeupe zinazoota kwenye maji yenye salfa. Ndani ya seli zao aliona chembe za salfa. Alipowanyima haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama mayai viza, chembe zilipungua hadi zikaisha. Alipowarudishia, zikajaa upya. Mwaka 1887 alichapisha hoja yake: bakteria hawa wanaioksidisha gesi hiyo ili wapate nguvu ya kuishi. Baadaye, akiwa Zurich, aliwachunguza bakteria wa udongoni wanaooksidisha amonia, akaonyesha kwamba wanajenga miili yao kwa kaboni ya hewa ukaa. Usanisikemia ulikuwa umekamilika kama wazo. Hata hivyo, kwa karibu miaka 90 ulibaki kuwa habari ya vijidudu vya tope na udongo, na hakuna aliyetarajia kwamba ungeweza kulisha wanyama wakubwa.

Februari 1977 nyambizi ya utafiti ya Marekani iitwayo Alvin, yenye nafasi ya watu watatu, ilishuka karibu na visiwa vya Galápagos hadi kina cha mita 2,500 hivi. Waliokuwamo walikuwa wanajiolojia. Walikuwa wanatafuta chemchemi za majimoto ambazo nadharia ya mabamba ya dunia ilizitabiri mahali sakafu ya bahari inapopanuka. Walizipata, na pembeni yake wakakuta kome na chaza wakubwa, kaa weupe, na minyoo iliyosimama ndani ya mirija yake, vichwa vyake vyekundu kama damu. Msafara haukuwa na mwanabiolojia hata mmoja. Dawa ya kuhifadhia vielelezo ilikuwa kidogo mno, ikabidi baadhi yavyo vitiwe kwenye vodka iliyonunuliwa Panama. Sampuli za maji zilipofunguliwa melini, harufu ya mayai viza ilijaa chumba. Harufu ile ilikuwa ndiyo jibu la swali la wanyama wale wanaishi kwa nini, ingawa ilichukua muda kusomeka.

Miaka miwili baadaye, katika Pasifiki ya Mashariki karibu na Meksiko, Alvin ilikuta kitu kikali zaidi: minara ya mawe inayotoa wingu jeusi. Wakati wa kupima joto, fimbo ya plastiki iliyobeba kipimo iliyeyuka. Vipimo vilivyofuata vilionyesha maji ya nyuzi 350 na zaidi. Hayachemki kwa sababu kule chini shinikizo la bahari ni zaidi ya mara 250 ya lile la hewa ufukweni. Kwa minara hiyo Kiswahili kina neno zuri la dohani, na dohani nyeusi ndilo jina ninalolipendekeza. Ila wingu lake lisiitwe moshi, kwa kuwa hakuna kinachoungua. Maji ya bahari huzama kwenye nyufa za miamba, hukaribia mwamba ulioyeyuka, hupata joto na ukali wa asidi, kisha hung'oa chuma, shaba, zinki na salfa kutoka kwenye jiwe. Yanaporudi juu na kukutana na maji ya nyuzi 2, madini hugandamana papo hapo kuwa punje nyeusi za salfaidi. Punje hizo ndizo zinazojenga dohani, na zinazopeperuka ndizo wingu.

Sasa turudi kwenye nguvu. Mkaa ukikutana na oksijeni jikoni hutoa joto, kwa kuwa kaboni na oksijeni zikishaungana zinatulia katika hali ya nguvu ndogo, na ziada ndiyo inayoivisha wali. Haidrojeni salfaidi na oksijeni nazo zikikutana hutoa ziada. Bakteria haiachi ipotee kama joto. Anapitisha elektroni hatua kwa hatua kwenye utando wake, kila hatua ikikusanya nguvu kidogo, na kwa akiba hiyo anaunganisha hewa ukaa kuwa sukari. Kwa muhtasari wa kawaida wa vitabuni, molekuli moja ya hewa ukaa, moja ya oksijeni na nne za haidrojeni salfaidi huzaa kijenzi kimoja cha sukari, atomu nne za salfa na molekuli tatu za maji. Ndiyo sababu usemi wa magazetini kwamba bakteria hawa “wanakula salfa” haunitoshi. Salfaidi ndiyo kuni yao. Mwili wao umejengwa kwa kaboni, kama wetu.

Minyoo ya mirija, ambayo jina lake la kisayansi ni Riftia pachyptila, ndiyo iliyofunga mjadala wa kama nguvu hii inaweza kulisha wanyama wakubwa. Mnyoo huyu hufikia mita 2 na hana mdomo wala utumbo. Mwaka 1980, Meredith Jones wa taasisi ya Smithsonian alikuwa akiwahutubia wanafunzi wa Harvard kuhusu mwili wake, akataja kwamba ndani yake kuna ogani laini yenye fuwele za salfa. Mwanafunzi Colleen Cavanaugh alisimama katikati ya mhadhara akasema lazima humo kuna bakteria wanaooksidisha salfaidi na kumlisha mnyoo. Alipewa kipande cha ogani, akakitazama kwa hadubini, na mwaka 1981 akachapisha ushahidi katika jarida la Science: mabilioni ya bakteria wakiishi ndani ya seli za mnyama. Kile kichwa chekundu ni yavuyavu lililojaa himoglobini ya aina ya pekee, inayobeba oksijeni na salfaidi kwa wakati mmoja bila kuziacha zigusane njiani. Mnyoo anawapelekea bakteria kuni na hewa, nao wanamrudishia chakula.

Mwaka huohuo mtafiti Horst Felbeck alipima vimeng'enya katika ogani ileile. Alikikuta rubisko, kimeng'enya kinachokamata hewa ukaa kwenye majani ya mimea. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mkubwa kuliko wote wa kulitetea neno letu. Kwenye jani la mchicha na kwenye mwili wa mnyoo wa kilindini, kazi ya kukamata kaboni inafanywa na kimeng'enya cha jamii moja. Usanisi ni uleule. Kinachotofautiana ni kile kinachotajwa na kipande cha pili cha neno, nuru huku na kemia kule. Anayejifunza maneno haya mawili pamoja amekwisha kujifunza mpangilio wa jambo lenyewe.

Kuna kosa moja ambalo ningependa waandishi wa vitabu waliepuke, nalo ni kuueleza usanisikemia kama maisha yasiyohitaji jua kabisa. Oksijeni inayotumiwa na bakteria wa Riftia ilizalishwa juu, kwenye mwanga, na mimea na vijidudu vya usanisinuru, kisha ikateremshwa na maji baridi yanayozama karibu na ncha za dunia. Jua lingezimika, mnyoo huyo naye angeishiwa, ingawa angechelewa. Giza si sehemu ya tafsiri ya neno. Beggiatoa wa Winogradsky wanaweza kuishi kwenye dimbwi la kina kifupi mchana kweupe na bado wakawa wasanisikemia.

Walio huru kabisa na oksijeni ni wengine, na mfano wao mashuhuri umetoka katika Bahari ya Hindi. Mwaka 2000 Wajapani walikuta chemchemi za majimoto mashariki ya Madagaska, mbele ya kisiwa cha Rodrigues, katika kina cha takribani mita 2,450. Mahali hapo paliitwa Kairei. Katika sampuli zake walipata uzao wa Methanopyrus kandleri, kijidudu aina ya arkea anayeunganisha haidrojeni na hewa ukaa akatoa methani na maji, na hiyo ndiyo riziki yake yote. Mwaka 2008 Ken Takai na wenzake waliripoti kwamba, chini ya shinikizo kubwa, arkea huyo aliongezeka kwa joto la nyuzi 122. Vifaa vya upasuaji hospitalini kwa kawaida huuliwa vijidudu kwa mvuke wa nyuzi 121. Haidrojeni anayoitegemea inatokana na maji ya moto kumenyuka na miamba yenye chuma, na jua halina sehemu katika hesabu hiyo.

Kairei ndiko pia alikogunduliwa konokono mwenye mguu wa magamba, anayelishwa na bakteria waishio kwenye tezi ya koo lake, na ambaye magamba yake yamepakwa salfaidi ya chuma. Mwaka 2019 aliingizwa kwenye Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini kwa sababu ya uwezekano wa kuchimbwa madini ya dohani anakoishi. Mijadala ya uchimbaji wa sakafu ya bahari inazihusu nchi zote zenye pwani, nasi hatuwezi kushiriki kikamilifu kwa lugha yetu kama hatuna maneno ya kusemea.

Wala chemchemi za aina hii haziko baharini tu. Ziwa Tanganyika limekaa juu ya ufa unaozidi kupanuka, na upande wake wa kaskazini, kwenye pwani ya Kongo, kuna chemchemi za majimoto chini ya maji katika sehemu mbili: Pemba, ambayo si kile kisiwa cha karafuu, na Rasi ya Banza kwenye ncha ya Ubwari. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulieleza maji ya nyuzi 53 hadi 103, amana za salfaidi huko Pemba, na dohani ndogo za chokaa huko Banza. Kina chake ni cha makumi ya mita tu, ambacho wazamiaji wa utafiti walikifikia. Mwalimu wa Uvira, Bujumbura au Kigoma anayefundisha usanisikemia anaweza kuanzia hapo, ziwani kwake, kabla ya kwenda Galápagos.