Saladi ya makaroni kwa rojo la ukwaju: Chakula cha safari ya Mloka

JUA la kaskazi likishawaka katika bonde la Rufiji, chakula cha moto hupoteza wapenzi wake. Kati ya Desemba na Machi, msafiri anayeelekea Mloka, kijiji kilichopo kando ya Mto Rufiji jirani na lango la Mtemere, huhitaji chakula kinacholiwa baridi, kinachoshibisha na kisichomwagika ndani ya gari au mashua. Saladi ya makaroni yenye rojo tamu na kali ni miongoni mwa vyakula hivyo, mradi mpishi azingatie kanuni chache ambazo kuzipuuza kumewahi kugharimu uhai.

Mloka iko wilayani Rufiji, mkoani Pwani, umbali wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Kibiti. Lango la Mtemere ni mlango wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kumegwa kutoka Pori la Akiba la Selous, ambalo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Wageni wanaoingia hifadhini kwa siku nzima hufungasha chakula cha mchana asubuhi na kukila saa sita au saba baadaye. Muda huo ndio unaofanya namna ya kukihifadhi iwe na uzito sawa na ladha yake.

Kwa wakazi wa Pwani, tambi si ngeni. Tambi za sukari, zinazopikwa kwa tui la nazi na iliki, ni chakula cha kifungua kinywa na cha futari. Kachumbari nayo haikosekani kando ya pilau. Saladi hii hukutanisha mambo hayo mawili: unga wa ngano uliochemshwa, mboga mbichi, na rojo la ukwaju lenye utamu wa sukari guru na ukali wa pilipili mbuzi.

Mahitaji (watu 6 hadi 8)

Makaroni mafupi nusu kilo, karoti 2, pilipili hoho 2, tango 1, kitunguu maji 1 kikubwa, embe 1 kubwa, dodo au bolibo, lililoanza kuiva lakini bado gumu, korosho zilizokaangwa kikombe kimoja, majani ya giligilani.

Kwa ajili ya rojo: ukwaju gramu 100, maji ya moto kikombe kimoja na nusu, sukari guru iliyoparuzwa au asali vijiko 4 vya chakula, pilipili mbuzi 1, kitunguu saumu punje 3, tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba, binzari nyembamba kijiko 1 cha chai, chumvi kijiko 1 cha chai, mafuta ya alizeti vijiko 4 vya chakula.

Namna ya kutayarisha

Rojo hutangulia. Ukwaju ulowekwe katika maji ya moto kwa dakika 20, ukamuliwe na kuchujwa ili kokwa na nyuzi ziondoke. Binzari ikaangwe bila mafuta hadi inukie, kisha isagwe. Kitunguu saumu, tangawizi na pilipili iliyotolewa mbegu vitwangwe pamoja na kukaangwa kwa dakika moja katika vijiko 2 vya mafuta. Hapo imiminwe juisi ya ukwaju, iongezwe sukari guru, chumvi na binzari, na vichemke kwa moto mdogo kwa dakika 10 hivi, hadi rojo ligande mgongoni mwa kijiko. Lipoe kabisa kabla ya kutumika.

Rojo lionjwe likiwa limepoa. Ulimi hupokea utamu kwa udhaifu zaidi chakula kinapokuwa baridi, na makaroni yenyewe hayana ladha kubwa. Kwa hiyo rojo linaloonekana kali kidogo likiwa peke yake ndilo linalofaa.

Makaroni yachemshwe katika lita 5 za maji yenye kijiko 1 cha chakula cha chumvi, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Yaive lakini yasilegee, kwani yataendelea kunywa rojo. Yachujwe, yachanganywe na mafuta yaliyobaki ili yasigandamane, kisha yatandazwe juu ya sinia pana ili yapoe haraka. Anayependelea kuyasuuza atumie maji ya kunywa, yaliyochemshwa na kupozwa.

Karoti, hoho, tango na embe vioshwe kwa maji salama na kukatwa vipande vidogo. Kitunguu kikatwe vipande vyembamba, kifikichwe kwa chumvi na kusuuzwa ili ukali upungue. Vyote vichanganywe na makaroni pamoja na theluthi mbili ya rojo. Theluthi iliyobaki, korosho na giligilani vifungwe peke yake na kuongezwa wakati wa kula, la sivyo korosho zitalainika na saladi itakauka. Msimu wa maembe ukipita, nanasi huchukua nafasi yake.

Hatari iliyojificha

Watu wengi huogopa nyama na mayai, lakini hudhani kwamba makaroni na wali havina madhara. Bakteria aina ya Bacillus cereus huacha mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Chakula cha wanga kikikaa katika joto la kawaida, mbegu hizo huchipua, bakteria huongezeka, na baadhi yao hutengeneza sumu isiyoondoka hata chakula kikipashwa moto upya.

Mwaka 2003 nchini Ubelgiji, watoto watano wa familia moja waliugua baada ya kula saladi ya makaroni iliyoandaliwa Ijumaa, ikapelekwa matembezini Jumamosi, na mabaki yake kuliwa Jumatatu. Mtoto mmoja wa miaka 7 alifariki dunia. Mabaki hayo yalikuwa yamewekwa ndani ya jokofu, lakini joto la jokofu lenyewe lilikuwa nyuzi 14, wakati lilipaswa kuwa chini ya nyuzi 5.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2. Kwa safari ya Mloka, maana yake ni hii: saladi ipozwe na kuingizwa ndani ya jokofu usiku, kisha ibebwe katika deli lenye barafu ya kutosha hadi wakati wa kula. Hotpoti haifai kwa makaroni ya vuguvugu, kwa sababu huhifadhi lile joto ambalo bakteria hulipenda. Uchachu wa ukwaju huwapunguzia bakteria kasi, lakini haupenyi kila kipande kwa kiwango kimoja, hivyo hauchukui nafasi ya barafu.

Atakayeongeza kuku wa kuchoma azingatie kanuni hiyo hiyo kwa ukali zaidi. Na barafu ikiwa imekwisha kuyeyuka na deli limepata joto, kinachobaki baada ya mlo wa mchana kimwagwe. Hasara ya bakuli moja la saladi ni ndogo kuliko ya mgonjwa aliye mbali na hospitali.