Mali Bila Daftari: Historia ya .ke na Tovuti Zilizoshikwa Huku Nyeri

Leo nataka tuzungumze juu ya swali ambalo nimeulizwa kuliko lingine lolote tangu nianze kazi hii ya kuandika programu hapa Nyeri. Huja kwa sura nyingi lakini kiini ni kimoja: "Fundi aliyetutengenezea tovuti hashiki simu. Tunataka kubadilisha bei na namba za simu, hatuwezi. Sasa hii tovuti ni yetu au ni yake?"

Nimeulizwa na mwenye gesti wa Nanyuki, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi Karatina, na mwalimu mkuu wa shule ya kibinafsi Embu. Hatua za kufuata zipo na nitazitaja huko chini, msiwe na haraka. Kwanza historia, kwa sababu Kenya nzima iliwahi kulikabili swali linalofanana na hilo kuhusu jina lake la mtandaoni, na namna ilivyolimaliza inatufundisha mengi.

Tovuti ni vitu vitatu

Watu husema "tovuti" kana kwamba ni kitu kimoja. Kumbe ni vitatu. Kuna jina, lile linaloishia na .co.ke au .com. Kuna seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana mahali fulani na kutoa kurasa zako kwa kila anayezitaka. Halafu kuna yaliyomo: maandishi, picha, programu na hifadhidata.

Ukinyimwa yaliyomo unaweza kuandika mengine. Seva unaweza kukodi nyingine kabla ya chai ya saa nne. Jina ndilo halina mbadala. Limeandikwa kwenye risiti, kwenye mlango wa pikapu na kwenye ubao wa barabarani, na barua pepe zote za biashara hupitia hapo. Anayelishika jina ndiye anayeamua wateja wako waelekezwe wapi.

Tena jina halikai ndani ya seva. Jina ni mstari katika daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sidhani kuna mahali methali hiyo inatimia kama kwenye intaneti.

Sisi wa Mlimani tunalijua daftari

Mtu wa Nyeri hahitaji kufundishwa nguvu ya daftari. Zamani shamba la ukoo lilijulikana kwa mipaka ya maua ya itoka na kwa kumbukumbu za wazee. Halafu ukaja Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Vipande vya mashamba vikaunganishwa, vikapimwa, na kila mwenye shamba akaandikwa. Kazi hiyo ilifanyika wakati wa Hali ya Hatari, maelfu ya wanaume wakiwa msituni au vizuizini. Aliyekuwapo aliandikwa. Wako ambao hawakuwapo na walirudi wakakuta shamba lina jina la mtu mwingine.

Kilichofuata ndicho kilichouma zaidi. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 iliruhusu mahakama kurekebisha daftari pale usajili ulipopatikana kwa ulaghai au kwa makosa, isipokuwa usajili wa kwanza. Usajili wa kwanza haukuguswa, hata kama ulikuwa na kasoro. Sheria hiyo ilidumu mpaka ilipofutwa mwaka 2012.

Nimeileta habari hii ya ardhi kwa sababu daftari la majina ya intaneti nalo lilianza kwa kanuni ya aliyewahi kuandikwa, na waliowahi walikuwa wachache sana.

Jina la nchi mikononi mwa watu wawili

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 daftari la juu kabisa la majina ya intaneti lilitunzwa na Jon Postel, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Southern California, kupitia ofisi iitwayo IANA. Kwa majina ya nchi, Postel alitumia orodha ya kimataifa ya herufi mbilimbili, ISO 3166, ili asilazimike yeye kuamua nchi ni ipi na ipi si nchi. Herufi zetu zilikuwa KE.

Tarehe 29 Aprili 1993 jina .ke liliingizwa daftarini. Aliyeandikwa kama msimamizi ni Dkt. Shem Ochuodho, mtaalamu wa kompyuta ambaye mwaka 1997 alichaguliwa mbunge wa Rangwe. Upande wa ufundi aliandikwa Randy Bush, Mmarekani aliyezisaidia nchi kadhaa za Afrika kuunganishwa na mtandao, na aliyeifanya kazi hiyo kwa kujitolea.

Hapo hakuna aliyeiba kitu. Mwaka 1993 Kenya haikuwa na tume ya mawasiliano, wala kampuni ya kuuza huduma ya intaneti. Mtu mwenye ujuzi na moyo alijitokeza, akaandikwa, kazi ikaanza. Tovuti nyingi za miji yetu zimeanza vivyo hivyo: kijana mmoja anayejua kompyuta anaambiwa "wewe tushughulikie mambo hayo," anaandika jina lake na barua pepe yake, na maisha yanaendelea.

Tatizo huja mambo yanapokua. Sheria ya Mawasiliano ya 1998 ilizaa Tume ya Mawasiliano ya Kenya, CCK, iliyoanza kazi mwaka 1999. Intaneti ikawa biashara. Benki, vyuo na wizara vikataka majina ya .ke, na bado daftarini palikuwa na majina ya watu binafsi. Je, ingekuwaje mmoja wao angechoka, au angeugua, au angekosana na wenzake?

Postel mwenyewe alikuwa ameacha mwongozo. Katika waraka wake wa Machi 1994, uitwao RFC 1591, aliandika kwamba msimamizi wa jina la nchi ni mdhamini wa jamii yake, na kwamba katika jambo hili wajibu na huduma ndivyo vya kuzungumzia kuliko haki na umiliki. Postel alifariki Oktoba 1998, mwaka ambao shirika la ICANN liliundwa, lakini kanuni yake ilibaki.

Kenya ikafuata njia hiyo. Mwaka 2002 iliundwa KENIC, kampuni isiyo ya faida, ikiwakutanisha serikali na watoa huduma za intaneti. Maombi yakapelekwa IANA, na Desemba 2002 uhamisho ukaidhinishwa. Ni mwezi uleule ambao Mwai Kibaki, mbunge wa Othaya hapa kwetu, alichaguliwa rais, kwa hiyo magazeti yalikuwa na habari nyingine za kuandika.

Kwetu mafundi, cha kuangalia ni namna inavyofanyika. Seva mpya huandaliwa kwanza, nakala ya daftari la zamani inawekwa humo, ndipo IANA inabadilisha mistari michache inayosema seva za .ke ziko wapi na msimamizi ni nani. Anayefungua tovuti asubuhi hiyo hahitaji kujua kwamba kuna kilichohama.

Mwaka huohuo Afrika Kusini walionja upande mchungu. Serikali ilipitisha sheria ya kuliweka jina .za chini ya mamlaka mpya. Msimamizi wa siku nyingi, Mike Lawrie, alihofia kwamba mtandao ungevurugika, akalihamisha faili kuu la majina nje ya nchi, mahali pa siri. Hakulizima, lakini nchi nzima ilijua ufunguo hauko mikononi mwake. Makabidhiano yalikuja baadaye, 2004. Ukilinganisha hizo mbili utaona kwamba anayeshika jina si lazima awe mwizi ili akutie mashakani.

Ilivyotufikia huku

Wateja wangu wengi walipata tovuti ya kwanza baada ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo, kupakia picha kumi kutoka saiba ya Nyeri mjini ilikuwa kazi ya mchana mzima. Lipo jambo moja dogo lililochangia sana tovuti kushikwa: majina ya .com yalilipiwa kwa kadi ya benki ya kimataifa. Mwenye duka hakuwa nayo. Fundi alikuwa nayo. Mwenye duka akatuma pesa kwa M-Pesa, fundi akalipa kwa kadi yake, na daftari likaandika jina la mwenye kadi.

Yule mwenye gesti wa Nanyuki alikuwa amenaswa hivyo. Maombi ya vyumba ya Desemba yalikuwa yakiingia kwenye barua pepe ambayo nywila yake ilikuwa kwa fundi. Nilipokaa naye na risiti zake tulikuta deni la kweli: matunzo ya miezi kadhaa hayakuwa yamelipwa. Nilimwambia alipe kwanza, tena kwa maandishi. Akalipa. Fundi akapokea pesa na kunyamaza. Tukapeleka kwa wakala wa usajili cheti cha biashara, risiti za malipo na barua za zamani. Wakala alimwandikia fundi, akampa muda wa kujibu, na muda ulipopita akabadilisha jina la mmiliki. Kurasa zenyewe tulizipata Wayback Machine, ghala la Internet Archive lililo wazi kwa umma tangu 2001. Picha chache zilipotea. Jina lilirudi kabla ya sikukuu, na barua pepe pamoja nalo.

Sheria inasema nini

Mahakama zenyewe zilichukua muda kuelewa. Mwaka 1994 Mmarekani Gary Kremen alisajili jina sex.com bure, kama ilivyokuwa siku hizo. Oktoba 1995 Stephen Cohen alimpelekea msajili barua ya kughushi, na msajili akalihamisha jina bila hata kumpigia Kremen simu. Kremen alilirudishiwa na mahakama Novemba 2000, na mwaka 2001 akapewa fidia ya dola milioni 65. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba jina la intaneti ni mali, na linaweza kuibwa kama mali nyingine.

Kwetu Kenya, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hapo kuwa mwangalifu, maana ushauri mwingi ulioko mtandaoni umeandikiwa Wamarekani, ambako fundi wa kujitegemea hubaki na hakimiliki mpaka aiachilie kwa maandishi. Kwetu ni kinyume. Programu kama WordPress nayo ni huria tangu ilipotoka mwaka 2003, kwa hiyo fundi hana uwezo wa kukunyima hiyo. Na Sheria ya Uhalifu wa Kompyuta ya 2018, kifungu cha 28, inamtia hatiani anayetumia kwa makusudi jina la mtandaoni la mwenzake bila haki: faini hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili.

Fuata mpangilio huu

1. Soma daftari kwanza. Tafuta jina lako kwenye WHOIS, la.ke litafute kwa KENIC. Utaona wakala ni nani, seva za majina ni zipi na muda unaisha lini.

2. Maliza deni lako na fundi, kwa maandishi. Ukidaiwa kweli, kila ofisi utakayoingia itakuuliza hilo.

3. Nakili maingizo yote ya DNS kabla hujagusa chochote, hasa yale ya barua pepe. Hapa ndipo watu hujikata barua zao wenyewe.

4. Omba kwa upole vitu vitatu: jina liandikwe kwako, msimbo wa kuhamisha, na nakala ya faili na hifadhidata. Weka tarehe ya mwisho.

5. Akikaa kimya, nenda kwa wakala na karatasi zako. Wakala akishindwa, tumia taratibu za migogoro za KENIC kwa .ke, au za ICANN kwa .com. Wakili awe wa mwisho, kwa kuwa ndiye ghali.

6. Andaa seva mpya kikamilifu, ijaribu, ndipo ubadilishe seva za majina. Ndiyo njia ya majina ya nchi, na inafaa hata kwa duka la mbao.

7. Usingoje jina liishe muda ukitumaini kulidaka. Wako wanaolingoja pia.

Nanyi mafundi wenzangu, hasa vijana mnaotoka Kimathi na vyuo vingine vya hapa: andikeni jina la mteja daftarini tangu siku ya kwanza, kwa barua pepe yake, hata kama kadi ni yenu. Mkidai pesa, dai pesa. Shikeni kazi ambayo hamjaikabidhi, lakini jina msilishike. Sisi ni wadhamini tu, na Postel alilisema hilo kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Na wewe mwenye biashara, kabla hujafunga duka jioni ya leo, ingia WHOIS uangalie. Ni kazi ya dakika mbili. Ukikuta hali si nzuri, bado una muda wa kuongea na fundi wako mkiwa marafiki.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.