Dola ya Fiji na paʻanga ya Tonga: Zilianza karibu sawa, zikapishana, zikakutana tena

Fiji na Tonga ni majirani katika Bahari ya Pasifiki. Watu wanasafiri huku na huko, na vijana wa Tonga wanakwenda kusoma Suva, mji mkuu wa Fiji, kwenye Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini. Lakini kila nchi ina pesa yake, na bei ya moja kwa nyingine imepanda na kushuka sana kwa zaidi ya miaka 50.

Hii hapa historia yake kwa ufupi.

Zilitoka wapi?

Paʻanga ilianza kutumika Aprili 1967. Ilichukua nafasi ya pauni ya Tonga, kwa paʻanga 2 kwa pauni 1. Jina "dola" halikupendwa, kwa sababu neno "tola" kwa Kitonga lina maana ya pua ya nguruwe. Paʻanga 1 ina seniti 100.

Dola ya Fiji ilifuata Januari 1969, nayo kwa dola 2 kwa pauni 1 ya Fiji. Wakati huo paʻanga 1 ilikuwa sawa na dola 1 ya Australia, na dola ya Fiji ilikuwa juu kidogo tu. Kwa lugha nyepesi, zilianza karibu sawa.

Kila moja na njia yake

Mwaka 1975 Fiji iliamua kufuata kapu la sarafu, yaani mchanganyiko wa pesa za nchi inazofanya nazo biashara. Tonga ilibaki imejifunga kwa dola ya Australia hadi mwaka 1991, ndipo nayo ikahamia kwenye kapu.

Kwa hiyo hakuna mtu anayekaa na kupanga bei kati ya dola ya Fiji na paʻanga. Bei hiyo inajitokeza yenyewe kila moja inapopimwa kwa pesa kubwa, hasa dola ya Marekani. Sarafu mojawapo ikiyumba, bei inabadilika hata kama nyingine imetulia tuli.

Paʻanga 1,000 zilileta dola ngapi za Fiji?

Hivi ni viwango vya wastani wa mwaka, kwa makadirio:

- 1986: karibu dola 760
- 1988: karibu dola 1,120
- 1998: karibu dola 1,330
- 2002: karibu dola 1,000
- 2008: karibu dola 820
- 2010: karibu dola 1,000
- 2023: karibu dola 950

Nini kilitokea?

*1987:* Mei 14, Sitiveni Rabuka aliongoza mapinduzi ya kijeshi Fiji, na Septemba akarudia tena. Pesa zikaanza kukimbia nchi. Benki Kuu ya Fiji ikashusha thamani ya dola mara mbili: asilimia 17.75 mwezi Juni na asilimia 15.25 mwezi Oktoba. Ukizijumlisha kwa hesabu sahihi, dola ilipoteza karibu asilimia 30 ndani ya miezi michache.

*1998:* Mgogoro wa fedha wa Asia ulipovuma, Fiji ilishusha dola yake kwa asilimia 20 mwezi Januari.

*1998 hadi 2002:* Safari hii ilikuwa zamu ya paʻanga. Mwaka 1997 dola 1 ya Marekani ilipatikana kwa paʻanga 1.26 hivi. Kufikia 2002 zilihitajika karibu 2.20.

*2009:* Katiba ya Fiji ilifutwa Aprili 10. Siku tano baadaye dola ikashushwa tena kwa asilimia 20.

Nani alifaidi, nani aliumia?

Mzazi wa Tonga mwenye mtoto Suva alipata nafuu baada ya 1987: paʻanga zilezile zilileta dola nyingi zaidi. Mzazi wa mwaka 2008 alibanwa, maana alihitaji paʻanga nyingi kupata dola zilezile.

Kwa Mfiji mambo yalikuwa kinyume. Aliyeweka akiba kwa dola za nyumbani aliamka asubuhi na kukuta inanunua vitu vichache vya kutoka nje. Mafuta, dawa na vipuri vilipanda bei. Kwa upande mwingine, hoteli za Fiji zikawa nafuu kwa watalii, na sukari iliyouzwa nje ikaleta dola nyingi zaidi nyumbani.

Jinsi ya kukokotoa mwenyewe

Ukitafuta bei ya zamani ya sarafu hizi mbili na usiipate, pitia dola ya Marekani:

1. Tafuta dola 1 ya Marekani ilikuwa dola ngapi za Fiji. Mwaka 1988 ilikuwa 1.43.
2. Tafuta ilikuwa paʻanga ngapi. Mwaka huo ilikuwa 1.28.
3. Gawa ya kwanza kwa ya pili. Unapata 1.12, yaani paʻanga 1 ilikuwa dola 1.12 za Fiji.

Angalia mambo mawili. Wastani wa mwaka unaficha mshtuko: mwaka 1987 bei ya Januari na ya Desemba zilikuwa mbali kabisa. Pia, dirishani benki hununua kwa bei moja na kuuza kwa nyingine, hivyo anayebadilisha pesa hupata pungufu ya kile hesabu inachoonyesha.

Leo sarafu hizi ziko karibu sawa tena, kama zilivyoanza. Ila aliyebadilisha pesa zake mwaka 1986, badala ya kungoja 1988, anajua kwamba katikati hapo haukuwa mchezo.